Safari ya Uganda Iliyoishia Kwenye Mawese

Ndugu zangu, naomba mcheke sasa hivi kabla sijaanza, mcheke mpaka mmalize, maana Mweso nzima imeshacheka na mimi nimeshazoea, lakini mkinichekea katikati nitapoteza njia, na hadithi yenyewe bado inaniuma, si mkononi tu (mkono umeshapona, ingawa mvua ikikaribia unanijulisha kabla ya mawingu), inaniuma ndani, mahali ambapo plasta haifiki. Mpaka leo nikipita mbele ya kanisa letu natazama chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Kwa wasionijua, jina langu ni Shukuru, ila hakuna anayelitumia isipokuwa mama mkwe akikasirika. Wote wananiita Papa Kinga, na kinga huku kwetu Kivu ni baiskeli. Jina hilo sikupewa bure. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye njia za Walikale na Masisi, nachukua mawese Itebero ndani kabisa ya msitu, napitia Mpofi kuongeza mchele, halafu milima juu milima chini mpaka soko la Mweso, matope hadi magotini, madumu yamening'inia ubavuni huku na huku na gunia limekaa juu kama chifu.

Sasa hapa msikilize vizuri, kwa sababu aibu yote imejificha hapa. Baiskeli ya kazi ile haipandwi, inasukumwa. Pedali mtu anazing'oa kwa sababu zinamgonga miguu, mnyororo anautoa kwa sababu hauna kazi, kiti anakitoa ili mzigo upate nafasi, breki zilishakufa zamani na hakuna aliyezililia, kisha anafunga mti mrefu kwenye usukani na mti mwingine kwa nyuma, anasimama upande wa kushoto na kutembea nayo kama mtu anayempeleka ng'ombe mkaidi. Mkifika kwenye mteremko unaegemea nyuma na mwili wote na kuivuta ile miti, ndiyo breki yenyewe hiyo. Kwa hiyo mimi, Papa Kinga, mtu ambaye vijana wa kazi wanampisha njiani, nilikuwa sijawahi kukaa juu ya baiskeli hata siku moja. Na haikuwa aibu! Wenzangu wote walikuwa hivyo hivyo. Mtu angekaa wapi, juu ya madumu?

Baiskeli ile ndiyo iliyomsomesha binti yangu mkubwa, Neema. Vita vilipotutawanya sisi tulirudi Mweso na yeye akaangukia Uganda, akapata kazi ya kupika kwenye kampuni ndogo inayotembeza wageni kwa baiskeli kandokando ya maziwa ya kule, akaolewa hukohuko, akazaa mtoto wa kiume na kumpa jina langu. Shukuru mdogo. Huyo mjukuu nilikuwa namjua kwa ukubwa wa kioo cha simu, na mtandao ukikatika anabaki amekodoa jicho moja mpaka salio linaisha. Nilikuwa nataka kumbeba. Nasema wazi, nilikuwa nataka kumbeba kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine katika uzee huu.

Siku moja Neema akapiga simu, sauti yake inaruka kwa furaha.

“Papa! Patron amesema kila mufanyakazi alete muzazi mumoja. Ni vakansi ya kinga, munatembea na guide, munalala kando ya ziwa, yote iko juu yabo. Nimefikiria weye. Lakini Papa, weye unajua kupanda? Si kusukuma. Kupanda.”

Mnaona jinsi mtoto alivyonifungulia mlango? Alitenganisha yeye mwenyewe, kusukuma huku, kupanda huku, achague mzee. Na mimi katika kile kitambo kidogo nilisikia kitu kingine kabisa, nilisikia kwamba nikisema sijui nafasi itaenda kwa mzazi wa mtu mwingine, mzazi mwenye miguu ya pedali, na Shukuru mdogo ataendelea kunikodolea jicho moja. Nikasema:

“Mutoto wangu, samaki inaulizwaka kama inajua maji?”

Neema akapiga kelele. “Nilijua! Nilibaambia bote hapa, Papa yangu ni muntu ya kinga!”

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa pembeni anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Nilipokata simu akaniuliza taratibu, “Papa Neema, weye ulijifunza kupanda wapi?”

“Nitajifunza.”

“Muambie mutoto kweli. Murudilie sasa hivi, atasikia tu.”

“Nimesema nitajifunza!” Nikatoka nje kwa hasira, hasira ya mtu anayejua kwamba amekosea na ameonwa. Halafu nikajituliza, nikajiambia kitu chenye magurudumu mawili ambacho nimekisukuma miaka yote hiyo, nakijua kinavyokohoa na kinavyonuna, leo kitanishinda kwa sababu tu nimekikalia?

Haikupita muda mrefu, Neema akatuma mzigo kwa msafiri mmoja aliyekuwa akipanda barabara ya Kitshanga. Ndani mlikuwa na kofia ngumu yenye matundu, glavu zisizo na vidole (nilidhani zimeliwa na panya), na kaptula nyeusi, ya kubana, ya kung'aa, yenye mto umeshonewa kwenye kitako. Mke wangu aliigeuza mara huku mara kule, akaubonyeza ule mto kwa kidole, akasema, “Hii ni ngata. Beko nabeba mizigo na matako kule?” akacheka mpaka akakaa chini. Mimi ni mzee wa kanisa, mjue. Niliivaa nikajitazama, nikaona kila alichoniumbia Mungu kimechorwa upya.

Baiskeli ya kujifunzia sikuwa nayo, maana yangu ni ile isiyo na kiti, nikaenda kuazima kwa dada Esperansi, muuguzi wa hospitali, mwanamke mpole ambaye anaipanda yake kwenda kazini kila siku na sketi yake haichafuki. Alinipa bila kuuliza.

“Papa Kinga, miye ni nani wa kukunyima kinga? Uichunge tu, hii njo inanipelekaka ku kazi.”

Mazoezi nilifanyia kwenye kijia cha nyuma ya nyumba, kati ya maharagwe na mihogo. Siku ya kwanza nilikaa, nikaanguka kwenye mihogo. Nikakaa tena, nikaanguka kwenye maharagwe. Ile baiskeli ilikuwa nyepesi mno, mimi nimezoea kitu kizito kinachobishana nawe, hiki kilikuwa kinakubali kila upande. Mama Neema akaja akakamata kiti kwa nyuma, akasema, “Kanyaga, mi nakushika.”

“Toka! Mwanaume muzima ashikwe na bibi yake sawa mutoto anajifunza kusimama? Batu beko naangalia.”

Akageuka kutazama. “Batu gani? Kuko kuku tu.”

Lakini nilikataa. Mkumbuke hapo nilipokataa, kwa sababu tutarudi. Nikaendelea kuanguka peke yangu kwa heshima zangu zote, kila jioni, mpaka kuku wenyewe wakaacha kushtuka.

Basi akapiga simu yule mwongozaji wa safari, kijana wa Kiganda aitwaye Moses, anaongea Kiswahili chake cha kule cha kuungaunga lakini chenye adabu nyingi, anataka kumjua kila mzazi ili ampange kwenye kundi lake. Akaniuliza kama milima naiweza. Hapo jamani sikusema uongo. Nikamwambia mimi milima ndiyo iliyonilea, nikamwambia habari za Itebero, za mvua, za mizigo, za daraja la miti ambalo unavuka ukiwa umeshika pumzi, yote kweli tupu, niliacha tu kale kaneno kamoja, kwamba nilikuwa natembea. Moses akasema, “Mzee, wewe nitakuweka mbele. Wewe utaongoza wengine.” Nikasema asante. Mke wangu akaweka ungo chini akaenda kukaa jikoni.

Moses akaomba filamu fupi tu, nikiwa juu ya baiskeli, aionyeshe kundi. Ningeweza kusema simu imeharibika. Badala yake nikakumbuka kwamba nyuma ya shamba letu kuna mteremko mdogo, wa upole, na kwamba baiskeli kwenye mteremko haihitaji mtu anayejua kitu, inahitaji tu mtu asiyeshuka. Nikampa Mama Neema simu, nikavaa kofia, nikakaa, nikajiachia. Na kweli niliteremka! Nimenyooka, miguu imetulia kwenye pedali bila kuzungusha, upepo umenijaa shatini, na kwenye filamu hiyo (ninayo bado, sijui kwa nini siifuti) naonekana kama mtu mwenye mambo yake duniani. Inakatika ghafla, kwa sababu Mama Neema aliacha kupiga akaja mbio kunitoa kwenye mihogo.

Neema alipoiona alilia kwa furaha. Akamtumia mjomba wake, mjomba akaiweka kwenye WhatsApp ya kanisa, na Jumapili iliyofuata pasta wetu akasimama mimbarani, uso umejaa nuru, akatangaza kwamba mzee wetu Papa Kinga anakwenda nchi ya kigeni kuongoza watu kwa baiskeli, kwa hiyo Jumapili ijayo baada ya ibada tutamwombea na kumsindikiza, naye atatuonyesha kidogo jinsi anavyopanda. Kanisa likapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikitabasamu na kuhesabu siku zilizobaki. Wenzangu wa kazi nao, wale wasukumaji wa Walikale, wakatuma neno kupitia Bauma, rafiki yangu wa siku zote, kwamba watakuja na baiskeli zao zikiwa na mizigo, wajipange pande mbili za barabara kunipa heshima, kwa sababu tangu kazi ile ianze hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa juu.

“Bote tunasukumaka tu,” Bauma aliniambia, amenishika bega, macho yamemlowa. “Weye unaenda kutupandia sisi bote.”

Pale ningesema. Huyo alikuwa Bauma, tumelala pamoja chini ya mti mmoja wakati wa mvua, angenicheka nusu saa halafu angenitafutia uongo mzuri wa kunitoa. Sikusema. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilikuwa nimezivua kweli, nimevaa ile kaptula.

Jumapili ikafika, jua kali, hata mvua ilikataa kunisaidia. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: mbele ya kanisa kuna mteremko mdogo mpaka barabara ya soko, nitajiachia kama kwenye filamu, pale chini ni tambarare, baiskeli itachoka yenyewe, nitashuka, watapiga makofi, kesho yake nipande gari niende zangu, na ya Uganda nitayajua Uganda. Nilitoka kwenye chumba cha nyuma cha kanisa nikiwa na kofia, glavu za panya na ile kaptula, na wamama wa kwaya wakanyamaza katikati ya wimbo. Mmoja alimfunika mtoto wake macho. Mwingine (sitamtaja, anajijua) alijifunika yake mwenyewe lakini vidole alivitenganisha.

Pasta akanipokea kwa shangwe, halafu akasema, “Hapana, Papa, pale ni karibu sana. Atatoka kule juu, ku mulango ya masomo, batu bote bamuone!”

Mlango wa shule uko juu kabisa ya kilima. Kutoka pale hata mbuzi wanateremka kwa hadhari. Nikafungua mdomo nikatae, na papo hapo pasta akainua simu yake juu, kioo kinanitazama. “Neema yiko hapa! Yiko naangalia na mutoto!”

Na kweli walikuwa pale, mtandao siku hiyo ulikuwa safi kuliko siku zote (siku ninayouhitaji ukatike haukatiki), Neema anapunga mkono, na mbele yake kichwa kidogo, macho yote mawili, kinaita, “Koko! Koko!” Alikuwa hajawahi kuniita babu. Nilikuwa nimesubiri neno hilo tangu azaliwe.

Nikapanda kilima huku nikiisukuma ile baiskeli, na wanasema niliisukuma vizuri sana. Mama Neema alinifuata mpaka juu akihema, akaninong'oneza, “Wakati ingali. Sema tumbo inakuuma. Mi nitasema ni sombe yangu.”

Fikirini mwanamke huyo. Alikuwa tayari kuitukana sombe yake, kisamvu chake mwenyewe, mbele ya kanisa zima kwa ajili yangu, na ninyi mnajua wanawake wetu na sombe yao. Nikamwambia, “Niache,” nikakaa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Watu waliimba. Halafu kilima kikaanza kunivuta, upepo ukageuka kelele, pedali zikazunguka zenyewe zikinipiga miguu (nikaelewa upya kwa nini tulizing'oa), na nyuso za watu zikawa zinapita kama kitambaa kinachovutwa. Nikamsikia dada Esperansi anapaza sauti, “Finya freni! Papa, finya freni na mukono!” Mkono upi? Freni ipi? Miaka yote hiyo breki yangu ilikuwa mgongo wangu! Mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania ncha za usukani inatafuta mti ambao haupo.

Na mwili, ndugu zangu, mwili hauna shule nyingine zaidi ya ile uliyosoma. Mwili wangu ukaona mteremko, ukaona baiskeli inakimbia, ukafanya kile ulichofanya kila siku kati ya Itebero na Mweso: ukaruka chini upande wa kushoto, ukashika usukani, ukaegemea nyuma. Kwa mtu anayetembea na mawese hiyo ni akili. Kwa mtu aliyekuwa anaruka kama jiwe la manati ni wazimu. Nikawa nakimbia kando ya baiskeli ya Esperansi hatua ambazo si za umri wangu, kofia imenifunika jicho, kaptula inalia kwenye mshono, nikiwaelekea wenzangu waliojipanga kunipa heshima, na wao hawakukimbia kwa sababu walidhani ndivyo inavyofanywa Uganda.

Nilimgonga Bauma. Si yeye, baiskeli yake, ile yenye madumu, nayo ikaiegemea ya jirani, ya jirani ikaiegemea ya mbele, na upande mzima wa heshima ukalala chini polepole, mmoja mmoja, makaa, ndizi, mchele, na mwisho dumu la Bauma likafumuka. Mawese ya Itebero, mekundu, mazuri. Nilijaribu kusimama nikateleza, nikajaribu tena nikateleza na Bauma tukiwa tumeshikana, mpaka nikauangukia mkono wangu na kusikia umesema neno.

Kisha kwenye simu ya pasta, sauti ndogo: “Mama, Koko anacheza?”

Hapo Mweso ikapasuka. Walicheka mpaka wengine walikaa barabarani. Mama mmoja wa kwaya alinivulia kitenge chake akanitupia, kwa sababu kaptula ilikuwa imefunguka nyuma na ule mto umechungulia nje. Bauma alinitazama, mawese yanamtiririka kwenye nyusi, akauliza bila hasira, kama mtu anayeuliza habari ya msiba, “Papa Kinga, kumbe haujue kupanda?”

Na mimi, nikiwa mwekundu kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu, bado nilikuwa na uongo mmoja umebaki. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, “Freni! Kinga ya Esperansi haina freni!”

Hii ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko kaptula. Dada Esperansi alipita katikati ya watu, akainua baiskeli yake aliyoniazima bila kuuliza, usukani umepinda, kikapu kimebonyea, akazungusha gurudumu kwa nguvu, akafinya kale kachuma kwa vidole viwili. Gurudumu likasimama. Akaiegemeza ukutani, akapiga magoti kwenye mawese na sketi yake ya ibada, akaanza kuufunga mkono wangu kwa leso yake.

Nikasema, “Dada, haikuwa freni.” Alijibu, “Najua, Papa, tulia.” Nikageuza uso kwa watu nikasema sijui kupanda, sijawahi, najua kusukuma tu. Ni ajabu jinsi maneno yale yalivyokuwa mafupi. Wala hawakucheka tena, walianza kuokota ndizi.

Hospitalini walinitia plasta kuanzia vidole mpaka juu ya kiwiko, wakanikataza safari yoyote. Mkono wa pili ulipiga simu kwa Neema. Nilimwambia yote, mpaka ile ya mihogo. Nilitegemea akasirike, ningependa akasirike. Akasema taratibu:

“Papa, kuko motokari inatufuata nyuma. Bazazi wengine benyewe batapanda motokari. Nilikuuliza tu juu nijue nikuwekee kiti wapi, ku kinga ao mu motokari.”

Niliishika ile simu. Kumbe lile swali halikuwa mlango unaofungwa, lilikuwa milango miwili na yote ilikuwa wazi, na nikipita wowote mtoto yuko upande wa pili. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi majuto nilipata, mjukuu nikamkosa.

Nafasi ikaenda kwa Mama Neema. Moses alimpigia, akamuuliza kama anajua baiskeli, nikamsikia anajibu huku anamenya vitunguu, “Sijue hata kidogo, mutoto wangu, hata kusukuma sijue.” Moses akasema sawa mama, karibu sana. Basi. Yaliisha hivyo. Mimi nilitumia maneno mengi kiasi gani!

Akaenda. Nikabaki na kuku, nasonga ugali kwa mkono mmoja, sufuria nimeibana kwa magoti. Asubuhi zote nikawa naenda kwa Bauma kumsaidia kunyoosha kilichopinda, mchana namsafishia Esperansi mawese kwenye mnyororo wa baiskeli yake, na hakuna aliyenikumbusha kitu, ingawa vijana wa soko wakiniona wanaegemea nyuma na kukimbia ubavuubavu kuniigiza.

Picha zikaanza kuingia. Mama Neema ndani ya gari, ana kofia kama yangu, Shukuru mdogo amelala mapajani pake amefungua mdomo. Mama Neema kando ya ziwa anakula samaki. Halafu jioni moja ikaja filamu fupi. Kijia cha udongo, maji yanang'aa nyuma, na mke wangu amekaa juu ya baiskeli, kitenge amekikunja, anapiga kelele za hofu na kicheko, na Neema yuko kando yake anamshika. Niliirudia filamu hiyo mpaka simu ikazimika. Neema amesimama upande wa kushoto. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiti, mwili umeegemea nyuma kidogo, hatua fupi za mtu anayehesabia matope hata pale pasipo na matope. Alinifuata njiani utotoni na chupa yangu ya maji, na nilidhani alikuwa anatazama maua. Ule ni mwendo wangu. Mtoto alikuwa anamsukuma mama yake jinsi mimi nilivyosukuma mawese yaliyomsomesha, na alikuwa akifanya mbele ya wageni wote, na hakuna aliyecheka.

Nililia, sasa mnajua. Niliapa siku ile kwamba mtu akiniuliza kama najua kitu nisichokijua nitamjibu haraka kabla ulimi haujavaa kaptula.

Mama Neema amerudi na kovu dogo gotini, analionyesha kila mtu. Neema amesema mwaka ujao, Mungu akitaka na njia ikiwa nzuri, kutakuwa na nafasi tena, na Shukuru mdogo anauliza lini Koko atacheza tena ule mchezo mwekundu. Mkono ulishafunguliwa plasta, na juzi mke wangu amekuja na baiskeli ya Esperansi mpaka mlangoni, ameipanda mwenyewe, akashuka akaniuliza kama niko tayari kujifunza. Barabarani watu walikuwa wengi, siku ya soko, na Bauma yumo.

Nimemwambia ndiyo, ila anishike nyuma.